Mlenda Alipoacha Kula

Siku ya nne ndiyo iliyonitia hofu. Zile tatu za kwanza nilisema ananuna tu, njaa ikimbana atatoka mwenyewe. Siku ya nne nikamtengea dagaa wa Mwanza, wale anaowakimbilia hata akiwa juu ya paa, nikakisogeza kisahani mvunguni hadi karibu na sharubu zake. Akageuza uso, akautazama ukuta. Nilikuwa nimelala kifudifudi sakafuni, tochi ya simu mkononi, na ndipo nilipouona mgongo wake. Manyoya yalikuwa yamegawanyika mafungu mafungu, hayana mng'ao, na kati ya fungu na fungu kuna vumbi. Mlenda, paka wetu, ambaye asubuhi hujilamba mpaka mimi nimemaliza kushona suruali nzima, alikuwa na vumbi mgongoni na hana habari nalo.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea barazani kwangu, Nkuhungu, hapa Dodoma. Mlenda aliletwa na binti yangu katika mvua za Januari, mwaka alioanza kidato cha kwanza. Alimtoa kwenye mtaro, ameloa chapachapa, kapaka kanakoenea kwenye kiganja. Kila alipojaribu kumfuta kwa taulo alimponyoka, ndiyo maana akamwita Mlenda. Sisi Wagogo mlenda tunaujua, ukiuchota vibaya unakukimbia vidoleni kabla haujafika kinywani. Tangu siku ile paka na mtoto walilala kitanda kimoja. Saa kumi na mbili asubuhi binti akivaa sare, Mlenda yupo mlangoni anasubiri chakula chake. Jioni akirudi, kabla hajashika daftari, wanacheza na utepe wa kitenge. Miaka minne na nusu hivyo hivyo.

Mwaka jana Julai binti akapangiwa kidato cha tano shule ya bweni, mkoa wa Iringa. Nilimsindikiza stendi ya Nanenane alfajiri ya Jumapili, baridi inauma na upepo unatimua vumbi kama kawaida ya Dodoma mwezi ule. Niliporudi nyumbani nilishindwa kukaa. Kuna akina mama mtoto akiondoka hulia, mimi nilifanya usafi. Nilifua mashuka, nikafua chandarua, nikafua pazia, nikaanika godoro juani siku mbili, nikadeki chumba kwa maji ya dawa. Nguo alizoziacha nikazifua zote, nikazipiga pasi, nikazikunja kabatini. Jumatano mtoto wa kaka yangu akaja kutoka Kondoa, amepata kazi ya ujenzi kule Mtumba, nikampa chumba kile kikiwa kinanukia sabuni. Nilijiona nimefanya jambo jema, na kwa mtoto wa kaka yangu lilikuwa jema kweli.

Kwa Mlenda lilikuwa jambo jingine kabisa, na sikuliona.

Wiki ya kwanza alitafuta. Usiku alikuwa anatoka chumba hadi chumba akilia sauti ndefu ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nilimkemea anyamaze, watu walale. Wiki ya pili akanyamaza, nami nikashukuru. Hapo ndipo najilaumu zaidi kuliko kote, maana waliotangulia walishasema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Paka anayelia bado anadai kitu kwa watu, na paka aliyenyamaza ameacha kudai. Chakula akawa anaonja na kuacha. Barazani kwenye mabaki ya vitambaa, mahali pake pa kulala mchana, hakuonekana tena. Alihamia mvunguni kwangu, kona ya mwisho, nyuma ya mabegi. Mwisho wa Julai akaacha kula kabisa.

Watu wa mtaani waliniambia maneno mengi, na mengi yalitoka kwenye moyo mzuri. Wengine walisema paka hana mtu, paka ana nyumba. Utaondoka wewe, utakufa wewe, mradi paa na panya vipo, yeye ataendelea. Niliyaamini maneno hayo miaka mingi. Siku hizi siyaamini. Huko Marekani watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon walichapisha mwaka 2019 majaribio waliyoyafanya kwa vipaka. Kipaka anakaa chumbani na mlezi wake, mlezi anatoka, kisha anarudi, na watafiti wanatazama atafanya nini. Karibu theluthi mbili walitulia mlezi aliporudi, wakarudia michezo yao, namna ile ile mtoto mchanga anavyotulia mama akirudi. Na kisiwani Kupro wachimbuaji walikuta paka amezikwa kando ya mtu, kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita. Mzee wa jirani yetu, Mwislamu, alinikumbusha Abu Huraira, swahaba wa Mtume, ambaye jina lake lina maana ya baba wa kipaka. Paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi, akaniambia, na nyumba si tofali.

Lakini neno lililobaki kidogo limuue Mlenda lilitoka kwa mama jirani ninayempenda kama dada. Alimwangalia, akasema ana homa huyu, mpe robo ya panadol kwenye maji. Nikaona ni kweli, mbona watoto tunawapa. Nilichukua mkasi wangu mdogo wa kukatia nyuzi, nikakata kidonge, robo ikawa juu ya meza ya cherehani. Kabla sijaisaga nikakumbuka kuwa nilikuwa nimemwachia ujumbe kijana mmoja daktari wa mifugo, na simu ikaita.

"Shikamoo mama. Umempa chochote?"

"Marahaba. Bado, nimekata robo ya panadol hapa."

"Mama, iweke mbali kabisa. Usimpe hata unga wake. Ile kwa paka ni sumu."

Alinieleza baadaye. Ini la paka halina uwezo wa kuivunjavunja parasetamoli kama letu. Inabaki mwilini, inaharibu damu mpaka damu haibebi tena hewa, fizi zinageuka rangi ya udongo au bluu, uso unavimba. Kidonge kimoja kinatosha kumuua paka mkubwa, na hata kipande chaweza kumdhuru vibaya. Ile robo niliitupa chooni, na mpaka leo nikiona mkasi ule nakumbuka. Kama unafuga paka na umebakiza neno moja tu la kushika katika haya yote, shika hilo. Dawa ya binadamu usimpe paka, si ya maumivu wala ile ambayo mtu mwenye sonona ameandikiwa hospitali. Zipo dawa za akili ambazo madaktari wa wanyama huwapa paka baadhi, kwa kipimo chao na kwa kuwafuatilia, na hilo ni lao wao.

Nilimtia Mlenda kwenye kikapu cha ukili, nikafunika kwa kitenge nikakizungushia kamba, tukapanda bajaji. Hakulia njia nzima. Paka asiyelia kwenye bajaji anatisha kuliko anayelia.

Kazi kubwa ya daktari yule ni ng'ombe, mbuzi na kuku, maana huku ndiko kwenye mifugo. Hakunicheka kumletea paka. Aliuliza kwanza. Anakunywa maji? Anakojoa? Hapo alikaza, kwa sababu paka dume anayechuchumaa mara kwa mara na mkojo hautoki ni wa kukimbizwa siku hiyo hiyo, njia ikiziba hamalizi siku nyingi. Amepigana? Kuna jirani ametega sumu ya panya? Ana chanjo? Nikatoa kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ya Septemba iliyopita, na pale kuliandikwa uzito, kilo 4.1. Hana mizani ndogo, kwa hiyo tukavuka barabara mpaka kwenye duka la nafaka, kikapu na paka vikapimwa, kisha kikapu peke yake. Kilo 3.4.

Joto lilikuwa nyuzi 38.6, na paka mzima huwa kati ya 38 na 39 na kidogo. Aliinua mdomo wa juu akaangalia fizi, akabonyeza kwa kidole weupe uje kisha uondoke. Alivuta ngozi ya shingoni akaiachia, ikarudi polepole, upungufu wa maji huo. Kisha akaniuliza kazi yangu. Nilipomwambia fundi cherehani, akamfungua Mlenda kinywa tena, akausukuma ulimi juu kwa kidole gumba na kuangalia chini yake muda mrefu. Sikuelewa. Akaniambia paka wa fundi humeza uzi, uzi unanasa chini ya ulimi, ncha nyingine inashuka hadi matumboni, na utumbo unapojisukuma unajikunja juu ya uzi ule kama kiuno cha sketi ya rinda ukivuta mpira, mpaka unajikata. Nilisikia baridi. Miaka minne na nusu nimekuwa nikiacha nyuzi sakafuni. Hakukuwa na kitu chini ya ulimi, lakini tangu siku ile nyuzi zangu ziko kwenye kopo lenye kifuniko.

Alipomaliza kutafuta ugonjwa na asiuone ndipo akauliza kama nyumbani kuna kilichobadilika. Mgeni, msiba, safari, ujenzi, mnyama mwingine. Nikamweleza yote, na ule usafi wangu nikausimulia kwa fahari kidogo. Akanisikiliza, akasema polepole, "Kwa hiyo mtoto aliondoka Jumapili, na kufika Jumatano mama ukawa umemfua."

Sikuwa na la kujibu.

Paka anamjua mtu kwa pua kabla ya macho. Anapokusugua kwa shavu mguuni anakupaka harufu yake, na anaposugua kona ya mlango, mguu wa kiti, ukingo wa kitanda, anaiandika nyumba nzima kuwa hapa ni petu. Chumba kile kilikuwa kimeandikwa miaka minne na nusu, na mimi nilikifuta kwa maji ya dawa siku tatu baada ya mtu wake kuondoka. Juu yake nikaweka harufu ya mwanamume mgeni mwenye viatu vya saruji. Na nje pepo za Julai zinagongesha mabati usiku kucha. Kwa Mlenda hakuondoka mtu mmoja, iliondoka nyumba nzima.

Kama hiyo iitwe sonona, sitabishana na mtu. Binadamu mwenye sonona anaulizwa maswali na kujieleza, paka hawezi kuulizwa, kwa hiyo wataalamu wanaishia kusema juu ya kile wanachokiona, yaani kula, kulala, kujilamba, kucheza, kujificha. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oakland, Marekani, walitoa matokeo ya kuwahoji watu zaidi ya 400 waliokuwa na paka aliyefiwa na mwenzake wa nyumbani, paka au mbwa. Paka waliokuwa wameishi na marehemu muda mrefu, au walioelewana naye, ndio waliosemwa kula kidogo, kucheza kidogo, kujificha, na wengine kung'ang'ania watu. Watafiti wenyewe wakaonya kwamba huenda wenye paka waliona huzuni yao wenyewe kwa paka. Onyo hilo nalikubali. Mimi pia nilikuwa na huzuni. Lakini vumbi mgongoni halikuwa langu, na kilo 3.4 zilisomwa na mwenye duka ambaye hakujua habari zetu.

Ugumu wa kuitambua hali hii ni kwamba paka ni mficha maradhi hodari. Porini mnyama mdogo anayeonyesha udhaifu analiwa, na tabia hiyo hawajaiacha. Sisi tunasema mficha maradhi kilio humfichua, na kwa paka methali hii ni ya kweli mno. Kulala si dalili, maana paka mzima hulala saa 12 hadi 16 kwa siku. Tazama analala wapi. Aliyekuwa analala mapajani mwa watu au juu ya mashine, sasa yuko nyuma ya mabegi, hilo ni neno. Ule mkoromo wake wa raha nao usikudanganye, paka hukoroma hivyo hata akiwa na maumivu makali. Wapo wanaoacha kujilamba kama Mlenda, na wapo wanaojilamba kupita kiasi mpaka tumbo linabaki kipara. Wapo wanaoanza kukojoa kitandani, na mwenye nyumba anachukua fagio kumbe kibofu kinauma. Paka mzee aliyeacha kuruka ukuta aghalabu ana viungo vibovu, moyo wake hauna tatizo. Ndiyo maana naona kosa kubwa kusema paka ana huzuni kabla ya kumpeleka kuangaliwa. Huzuni iwe jibu la mwisho, baada ya kinywa, tumbo, kibofu na joto.

Tena huku kwetu kuna jambo ambalo makala za ng'ambo hupita haraka. Paka asiyechanjwa aliyebadilika ghafla, mpole amekuwa mkali au mtukutu amezubaa, anadondosha mate, anashindwa kumeza, usimshike. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa, na paka pia hukipata na kukiambukiza. Akikung'ata au kukuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo. Kila tarehe 28 Septemba ni siku ya ugonjwa huu duniani, na maeneo mengi chanjo hutolewa kipindi hicho. Watu hupeleka mbwa na kumwacha paka nyumbani. Mpeleke naye.

Turudi kwa Mlenda. Daktari alimpa maji ya dripu chini ya ngozi, akaniambia kazi ya kwanza ni chakula kiingie, kwa njia yoyote ya upole, na kisipoingia ndani ya siku moja nirudi naye. Paka hafungi kama mtu anavyofunga. Akikaa siku mbili tatu bila kula, mwili unamwaga mafuta yake kwenye ini, ini linazidiwa, na hapo hata huzuni ikiisha ugonjwa unabaki. Paka wanene ndio walio hatarini zaidi.

Kazi ya pili, akasema, nitafute kitu cha mtoto ambacho hakijafuliwa.

Nilipindua nyumba. Kabati lote sabuni. Nikakaa kwenye kiti cha mashine nimekata tamaa, na mguu wangu ukagusa ule mfuko wa viporo chini ya meza, nguo za kurekebisha ambazo hazina haraka. Mtoto wa fundi huvaa kilichochanika, kila siku unamwambia kesho. Chini kabisa ya mfuko lilikuwepo gauni lake la nyumbani, limefumuka kwapani, aliniletea wiki moja kabla ya safari nami sikulishika. Nililinusa. Lilikuwa yeye. Nililia pale, kilio ambacho stendi sikukilia.

Nilichukua boksi la vitambaa, nikalilaza ubavu, mdomo ukitazama ukutani, nikaliweka kwenye kona ya chumba cha binti mbali na dirisha linalogongwa na upepo, gauni nikalitandika ndani. Mahali pa kujificha si anasa kwa paka. Mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi waligawa paka wapya wa kituo cha kulelea wanyama, baadhi wakapewa boksi na wengine wakakosa, na wenye boksi walitulia mapema zaidi. Boksi la bure dukani.

Mtoto wa kaka yangu, niliyemdhania atakasirika, aliposikia habari akaniambia, "Shangazi, mimi nitalala sebuleni. Mpe chumba chake kwanza." Alilala kwenye mkeka wiki mbili, na asubuhi anaamkia Mtumba kubeba zege.

Kumlisha kulikuwa hivi. Nilichemsha kichwa cha perege kwa maji matupu, bila chumvi na bila kitunguu, kwa maana kitunguu nacho huharibu damu ya paka. Nikaacha supu ipoe mpaka ikawa na joto la mwili, kwa kuwa chakula chenye joto kinanukia, na paka asiyenusa hali. Sikumlazimisha kinywa. Nilichovya kidole, nikakiweka karibu na boksi, nikatazama pembeni. Ilichukua muda wa azana mbili, ya Magharibi na ya Isha. Kisha nikasikia ule ulimi wenye msasa kwenye ncha ya kidole, mara moja, akaacha. Halafu tena. Kidole kilikuwa kimekufa ganzi na sikukiondoa. Usiku ule alilamba kama kijiko kimoja. Alfajiri viwili. Siku ya pili akatafuna nyama ya perege kiasi cha kucha ya kidole gumba, na nikampigia daktari simu kama mtu anayetangaza harusi.

Maziwa sikumpa, paka wengi wakubwa huwaharisha. Na tangu wakati ule ugali kwake umepungua, dagaa na samaki wameongezeka. Paka wetu wengi hulelewa kwa ugali wenye mchuzi, nao wanaishi, lakini paka ni mla nyama hasa. Kuna kirutubisho kiitwacho taurini ambacho kimo kwenye nyama na samaki na hakimo kwenye mahindi, akikikosa muda mrefu moyo unadhoofika na macho yanapotea.

Jumapili moja nilitaka kumfurahisha, nikaharibu. Binti alipiga kwa simu ya matroni, kama wanavyoruhusiwa, nikaweka spika karibu na boksi aongee naye. "Mlenda, Mlenda wangu." Masikio yakageuka upesi. Akatoka, akainusa simu, akaizunguka, akaangalia nyuma yake. Akaenda mlangoni, akakaa pale, na usiku kucha akalia kama wiki ya kwanza. Sauti ilimwambia yupo, pua ikamwambia hayupo. Sikurudia. Binti nilimweleza kwa nini, akanyamaza kidogo, akasema, "Basi mama, mpe salamu bila simu."

Lililosaidia ni saa. Nilianza kuamka saa kumi na mbili kamili kumwekea chakula, saa ile ile ya binti, hata Jumapili. Jioni, saa ya mchezo wao, nilikata utepe wa kitenge mpana kama vidole viwili, nikapiga fundo mwishoni, nikawa nauburuza sakafuni polepole, unapita nyuma ya mguu wa kitanda na kupotea. Paka wa nyumbani asili yake ni paka-mwitu wa jamii ile ile wanaoishi hata kwenye mapori yetu, wawindaji wa peke yao, na mchezo kwao ni mawindo. Siku nne alitazama tu. Ya tano mkia ukacheza ncha. Wiki ya Nanenane, barabara imejaa magari ya watu waendao Nzuguni kwenye maonyesho na mimi nina oda za sare mpaka shingoni, akarusha mkono mmoja, akaukamata utepe, akaung'ata fundo. Baada ya hapo nikampa dagaa, mawindo yamalizike kwa kula.

Kijana wa kaka yangu naye alijipatia njia yake. Akirudi kazini, ameoga, alikuwa anakaa sakafuni karibu na mlango wa chumba, mgongo ukutani, anasoma simu yake, hamwiti wala hamtazami. Akimwona Mlenda amemkodolea, anafumba macho taratibu na kufumbua. Alikuwa amesoma mahali kuwa kwa paka hiyo ni adabu, na kweli watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha mwaka 2020 kwamba paka humsogelea zaidi mgeni anayefanya hivyo. Katikati ya Agosti nilipita na ndoo nikamkuta Mlenda amelaza kidevu juu ya kifundo cha mguu wake. Kijana alinionyesha kidole mdomoni nisiongee. Alikaa vile mpaka wali ukapoa.

Septemba tulirudi kwenye mizani ya duka la nafaka. Kilo 3.9.

Nimekuwa nikiwafikiria wanaohama. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia hapa, Nkuhungu, Ilazo, Kisasa zimejaa familia zilizotoka Dar, na baadhi walikuja na paka kwenye gunia, nao paka wakafunguliwa uani siku ile ile. Wengi walipotea, na wengine wakabaki na kunyong'onyea, wakaitwa wavivu. Mhamishe paka kwenye kikapu chenye nguo yako ya kulalia. Mpe chumba kimoja wiki mbili, na beseni la mchanga, maji, boksi, kisha umfungulie nyumba kidogo kidogo. Blanketi lake usilifue mpaka alizoee paa jipya.

Binti alirudi Desemba, na perege wa kukaushwa aliowanunua basi liliposimama Mtera. Mlenda alimnusa kiatu, akanusa begi, akaondoka zake kwenda kukaa miguuni mwa kaka yake. Binti uso ulimshuka. Nikamwambia mwache, unanuka shule. Usiku wa pili nilisikia mlango wa chumba cha binti ukisukumwa, na ule mkoromo ukaanza.

Likizo nzima alilala amevaa gauni lile la kwapa lililofumuka, nililokuwa nimelishona hatimaye kwa uzi mweupe bila kulifua. Januari, asubuhi ya kuondoka, alilivua yeye mwenyewe, akaingia nalo kwenye boksi nusu mwili, akalitandika. Tulipofika stendi aliniuliza mara tatu kama nitadeki chumba.

Sikudeki. Usiku ule Mlenda alilia mara mbili. Saa kumi na mbili nilimkuta amekaa mlangoni, kisahani mbele yake.